Kwenda Miguu si Ufukara

Yako maneno yaliyoenea katika vinywa vya watu wa pwani siku hizi, nayo ni ya kumdharau mtu aonekanapo njiani akienda kwa miguu. Fulani akipita na viatu vyake vya vumbi, jua la saa sita li utosini, waliokaa barazani huulizana: "Huyu kapatwa na nini? Hata nauli hana?" Baada ya kitambo kidogo hupita mgeni kutoka Ulaya, shanta mgongoni, uso umemwiva kama papai, na njia yake ni ile ile na mwendo wake ni ule ule. Huyo haulizwi kitu. Huyo ni mtalii, yuko katika starehe zake.

Leo twataka kuyatazama mambo mawili kwa pamoja: starehe ya kwenda mwendo mrefu kwa miguu, na zile njia zenyewe zipitwazo. Kwa maoni yetu hayatengani. Watu wakiacha kutembea, njia huachwa. Na njia ikiachwa haikai bure, humpata mwenyewe mpya.

Tusemapo kutembea hatukusudii kule kuzunguka mitaani jioni baada ya Alasiri, mtu akapiga gumzo Forodhani kisha akarudi nyumbani. Hilo ni jema, lakini si hili. Twakusudia mtu aamke alfajiri, asali, achukue maji yake na tende zake, atoke mji mmoja hata mji mwingine, kilomita 15 au 20, kwa hiari yake, hapana haja iliyomsukuma ila kuona na kunyoosha miguu. Wenye lugha huliita jambo kama hili uraibu, ingawa kwetu neno hilo limezoea zaidi kukaa pamoja na tambuu na tumbaku. Basi huu nao ni uraibu, ila haupaki meno rangi.

Atakayesema kwamba hii ni desturi ya Kizungu iliyoletwa na meli, na atazame nyuma kidogo. Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331 aliandika kwamba watu wake walikuwa wakienda pekupeku, na kwamba penye milango ya misikiti palikuwa na maji ya kuoshea miguu na jamvi la kuifutia. Hiyo ndiyo sifa mojawapo ya kwanza ya Mombasa iliyoandikwa na msafiri, nayo ni sifa ya miguu. Karne tano baadaye, mwaka 1848, mmisionari Johannes Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro akatangaza Ulaya habari za theluji karibu na mstari wa ikweta, wataalamu wa huko wakamcheka. Aliyemwongoza njia kutoka pwani ni Mswahili, Bwana Kheri, mtu wa misafara, ambaye njia zile alikuwa akizijua kabla ya huyo mgeni kufikiri kuzipita. Wala hatuna haja ya kuficha kwamba katika misafara ya zama zile zilikuwamo pembe na walikuwamo watumwa. Aliyekwenda kwa mnyororo hakuwa akitembea kwa raha. Lakini ujuzi wa njia ni ujuzi, nao ulikuwa wetu.

Na aliyesoma chuoni atakumbuka zaidi. Mtoto wa pwani afunguapo Safina, kile kitabu kidogo cha fikihi ya Kishafii, hufika penye mlango wa msafiri anayeruhusiwa kupunguza sala, akaambiwa kwamba safari iwe ya marhala mbili. Marhala ni nini? Ni mwendo wa siku moja, kwa miguu na kwa mnyama aliyebeba mzigo. Wanazuoni wengi wa leo wamezikadiria marhala mbili kuwa kilomita 80 na kitu. Ndiyo maana mtu wa Mombasa aendaye Kilifi, kiasi cha kilomita 60, hapunguzi, na aendaye Malindi, yapata kilomita 120, ana ruhusa. Ijapokuwa wote wawili wameketi katika matatu ile ile wakisinzia. Sheria ilipimwa kwa nyayo, nasi twaihesabu kwa injini. Tena limo sharti jingine katika fikihi hiyo ya Kishafii ambalo twalipenda sana: msafiri awe ana mahali maalumu aendako. Anayerandaranda asijue aelekeako hahesabiwi. Hilo ni shauri zuri hata kwa mwenye kutembea kwa starehe, nasi tutalirudia.

Faida za mwili hatutazikalia kitako, maana madaktari wamekwisha kuzisema mpaka wamechoka. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima apate walau dakika 150 kwa wiki za kuutaabisha mwili kiasi, na kwenda kwa haraka kunatosha. Katika miji yetu, ambako maradhi ya sukari na shindikizo la damu yameingia nyumba kwa nyumba, na ambako biriani haikosi arusini wala matangani, shauri hilo si la kupuuzwa. Yatosha hayo.

Lenye uzito zaidi kwetu ni habari ya Waingereza, maana wengi hudhani kwamba kwao kutembea mashambani kulikuja kwa urahisi, kama zawadi ya serikali kwa watu wenye nafasi. Sivyo. Katika miaka ya 1930 wafanyakazi wa viwanda vya Manchester na Sheffield walikuwa wakikaa katika moshi siku sita, na siku ya saba hutaka kupanda milimani kuvuta hewa. Milima ilikuwapo, wakiiona kwa macho. Lakini sehemu kubwa ya nyanda zile za juu ilikuwa mikononi mwa mabwana wenye ardhi, waliozifunga ili zibaki makao ya ndege wa kuwindwa kwa siku chache za mwaka, na walinzi waliwekwa kuwafukuza wapitaji.

Tarehe 24 Aprili 1932, watu mia kadhaa, wengi wao vijana, walikusanyika karibu na kijiji cha Hayfield wakapanda mlima uitwao Kinder Scout kwa makusudi, wakijua kwamba wamekatazwa. Mbele yao alikuwa kijana wa miaka 20, Benny Rothman, fundi wa mitambo. Palitokea vuta nikuvute na walinzi, na waliporudi chini polisi waliwakamata baadhi yao. Watano wakafungwa, vifungo vya baina ya miezi miwili na sita. Kosa lao la asili lilikuwa kutembea.

Kilichofuata kilikwenda polepole, kama mwendo wenyewe. Mwaka 1935 mwandishi wa magazeti, Tom Stephenson, alitoa fikira ya kuwa na njia moja ndefu ya miguu juu ya uti wa mgongo wa nchi ile. Mwaka 1949 ilipitishwa sheria iliyoanzisha mbuga za taifa, na ikazitaka halmashauri za wilaya ziandike katika ramani njia zote za miguu za umma. Njia ya Stephenson, ambayo yaitwa Pennine Way, ilifunguliwa mwaka 1965, tarehe 24 Aprili vile vile, urefu wake kiasi cha kilomita 430. Mwaka 2000 ikaja sheria ya kuwapa watu haki ya kutembea katika nyanda za wazi zilizochorwa ramanini. Mwaka 2002, palipofanywa kumbukumbu ya miaka 70 ya siku ile ya Kinder Scout, Duke wa Devonshire, ambaye babu yake alikuwa mmoja wa wenye ardhi ile, alisimama mbele ya watu akaomba radhi. Na sheria ya mwaka 2009 ikaanzisha kazi ya kutengeneza njia ya miguu ya kuizunguka pwani yote ya Uingereza, zaidi ya kilomita 4,000, kipande kwa kipande.

Mambo mawili hapo yafaa kushikwa. La kwanza ni kwamba waliozidai njia ni wale wenye kuzipita. Lau wafanyakazi wale wangalikaa majumbani mwao Jumapili, asingalitokea mtu wa kudai mlima asioujua. La pili ni ile ramani ya 1949. Njia iliyoandikwa si rahisi kuibwa. Aiibaye lazima kwanza aifute, na kufuta kwaonekana.

Sasa turudi kwetu. Pwani ya Kenya ina urefu wa zaidi ya kilomita 500. Katiba ya mwaka 2010, katika Ibara ya 62, imeiweka ardhi iliyo baina ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa katika ardhi ya umma. Maana yake ni kwamba mchanga ule ambapo mawimbi huja yakarudi ni wako, ewe msomaji, na ni wa jirani yako, na ni wa mtoto wake. Si wa hoteli. Si wa mwenye jumba la ghorofa. Hilo ni jambo kubwa, na wengi wetu hatulijui.

Lakini kuwa na mali ni jambo moja, na kuifikia ni jingine. Zamani kila kijiji cha wavuvi kilikuwa na vijia vyake vya kushukia pwani, na kila kijia kiliishia penye diko, pale ngalawa zilipopandishwa na samaki wakagawanywa. Havikuwa na hati. Hati yao ilikuwa nyayo. Kisha viwanja vikauzwa, kuta zikajengwa, seng'enge zikavutwa, na kijia kikajikuta kimelala ndani ya uwanja wa mtu. Mwaka wa kwanza huachwa mlango mdogo wenye bawabu mpole. Mwaka wa pili mlango hufungwa magharibi. Mwaka wa tatu bawabu mpya huuliza, "Mwenda wapi?" Na mtu aliyezaliwa pale hushikwa na haya, akageuka, akaenda kuzunguka. Alipogeuka yeye, njia nayo ikageuka. Basi mali ya umma imo ndani, imezungukwa na mali ya watu, kama embe ndani ya kabati la kioo.

Tuliwahi kulitungia jambo hili beti moja, nayo ni hii:

Njia huishi kwa nyayo, ikiachwa hupotea,
Waliipita kwa moyo, wazee wakitembea,
Leo ukuta wa choyo, njia umeelemea,
Tuipiteni na sisi, haki yetu kutetea.

Hatusemi watu wavunje kuta za watu; wenye kuvunja wataishia korokoroni, na ukuta utajengwa mrefu zaidi. Twasema watembee. Njia ambazo bado zi wazi, na ziko nyingi, zipitwe na watu wengi, kila juma, wakubwa kwa wadogo, mchana kweupe. Mwenye uwanja akiona watu 30 wamepita Jumamosi hii na 30 Jumamosi ijayo, atafikiri mara mbili kabla ya kuagiza seng'enge.

Kwa anayetaka kuanza, jambo la kwanza ni lile la kitabuni: awe na mahali maalumu aendako. Asitoke tu. Wa Lamu yuko karibu na neema kuliko sote. Kutoka mjini hata Shela ni kilomita 3 hivi kando ya maji, mwendo wa chini ya saa moja hata kwa mwenye kitambi. Kutoka Shela, baada ya mafungu ya mchanga, pwani imenyooka kiasi cha kilomita 12 kuelekea upande wa Kipungani, hapana duka wala kivuli, bahari mkono mmoja na mchanga mkono wa pili. Kipungani mtu atawakuta wasukaji wa mikeka, atapata dafu, na akiona miguu imekataa atarudi kwa mashua. Mwenye kutaka zaidi na avuke mpaka kisiwa cha Pate, aende kwa miguu kutoka mji wa Pate mpaka Siyu, mji wa Bwana Mataka, aitazame ngome yake, kisha akipenda asonge mbele mpaka Faza. Ni mwendo wa asubuhi nzima, lakini ukiifikiria historia iliyo chini ya nyayo zako hutahesabu saa. Upande wa kusini, kutoka Tiwi kwenda Diani kwa njia ya pwani, lazima kuuvuka mlango wa mto Mwachema, na ng'ambo ya pili umesimama msikiti wa Kongo, mkongwe wa karne nyingi, katikati ya mibuyu. Pahali pa kusali Adhuhuri pazuri kuliko hapo twajua pachache.

Mlango ule wa Mwachema ndio mwalimu wa somo la pili, nalo ni maji. Mtembezi wa pwani asiyejua maji ni kama nahodha asiyejua pepo. Yakipwa, mchanga ulioachwa ni mgumu, mguu hauzami, na mito midogo huvukika. Yakijaa, njia haipo. Kuna ukuta upande mmoja na mawimbi upande wa pili, na wewe katikati. Baina ya kujaa na kupwa ni kiasi cha saa 6, na kila siku huchelewa kwa kadiri ya dakika 50. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo maji hupwa mbali sana, lakini hurudi kwa nguvu, na tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Anayetaka mwendo mrefu na aanze maji yakiwa yangali yakitoka, saa mbili kabla ya kupwa kabisa, apate kama saa nne za kutembea kwa amani. Haya yote kila mvuvi ayajua. Muulize. Kumuuliza kwenyewe ni nusu ya faida ya safari, kwa sababu pamoja na maji atakwambia jina la kila mwamba na kila mlango, majina ambayo hayamo katika ramani yoyote ya watalii.

Viatu viwe raba zilizokwisha kuuzoea mguu. Kiatu kipya siku ya safari ni malengelenge kabla ya kufika nusu. Ndara mwachie nyumbani mwenyewe. Kofia ya ukindu yenye ukingo mpana ni bora kuliko kofia ya kitambaa ya kibandiko cha timu za mpira. Maji yasipungue lita 2 kwa mtu. Miezi ya kusi, Juni mpaka Agosti, hewa ni baridi na mwendo ni mwepesi, ingawa mwani hujaa pwani; kaskazi ya Januari na Februari jua halina huruma, na mwenye akili awe amefika aendako kabla ya saa nne. Anayeanza asijitie ushujaa: kilomita 5 wiki ya kwanza, 8 ya pili, na kadhalika. Asiende peke yake, na sehemu asizozijua aulize wenyeji hali ya usalama kabla ya kutia mguu. Na makaya ya Wamijikenda, misitu ile mitukufu ambayo UNESCO iliiingiza katika urithi wa dunia mwaka 2008, si mahali pa kupenya kwa kuwa kuna kivuli. Huingiwa kwa idhini ya wazee wake.

Tumeulizwa na mama mmoja: na wanawake je? Wapo watakaosema kwamba bibi wa kiungwana hakuwa akionekana njiani. Kweli, Lamu ilikuwako shiraa, lile hema la nguo ambalo bibi alikuwa akitembea ndani yake asionekane na watu. Lakini hebu na tukumbuke kwamba ndani ya hema lile bibi mwenyewe alikuwa akienda kwa miguu yake. Wanawake na watoke makundi kwa makundi, na buibui zao, na watoto wao, na chakula chao. Hatuoni lililokatazwa hapo, na twaona mengi yenye kheri. Hata binti mdogo aliyeshuka kwa kijia cha babu yake mara kumi hatakubali mara ya kumi na moja kuambiwa kwamba kijia hicho hakikupata kuwapo.

Sasa neno kwa wakuu. Serikali za kaunti za Lamu, Tana River, Kilifi, Mombasa na Kwale zina maafisa wa ardhi na wa mipango. Kazi ya kwanza, nayo si ya gharama kubwa, ni kuandika ramani ya kila njia ya miguu inayoshuka pwani, iliyo wazi na iliyofungwa, jina lake na lilikoanzia. Mashahidi wapo, nao ni wazee wa vijiji vya wavuvi. Watu hawa wanapungua. Mzee wa miaka 80 anayejua kijia kilipita kusini ya mbuyu upi hatatungoja tumalize vikao vyetu, na mbuyu wenyewe huenda ulikwisha kukatwa. Karani mmoja, kijana mmoja mwenye simu ya kupimia, na mzee mmoja aliye tayari kutembea nao asubuhi tatu katika kila kijiji: hicho ndicho kikosi kizima kinachohitajiwa.

Na kwa upande wetu, kuna jambo ambalo halimhitaji afisa. Kila Mfungo Sita, Maulidi ya Lamu huwakusanya watu kutoka pwani nzima na kutoka ng'ambo, na pamoja na dhikri na kasida huwako mashindano ya punda na ya mashua. Twawashauri waandalizi waongeze na mwendo wa miguu, kutoka mjini mpaka Shela na kutoka Shela mpaka Kipungani, kila mtu kwa kiasi chake, bila ya kombe wala mshindi. Wahakikishe tu wametazama maji kwanza.